Fedha Iliyozidi Haki na Makato ya Kuirudisha

Zamani hapa Tanga neno "makato" lilikuwa neno la watu wenye mishahara. Mtu wa mkonge, mtu wa reli, mtu wa bandarini, hao ndio waliojua kukatwa. Ama mjane, na mzee asiye na mtoto, na mvuvi ambaye chombo si chake, hao hawakuwa na cha kukatwa kwa kuwa hawakuwa na cha kupewa, ila sadaka ya jirani na zaka ya mwenye mali. Na sadaka haina hesabu ya mwezi. Siku hizi mambo yamegeuka. Serikali nyingi, ya kwetu ikiwamo, zimekuwa zikiwagawia watu dhaifu fedha kwa orodha, kwa jina na kwa namba, na kitolewacho kwa hesabu hurudi kuangaliwa kwa hesabu. Ndipo yakaingia katika nyumba za masikini maneno ambayo wazee wetu hawakuyajua: kupunguziwa ruzuku, kudaiwa kilichozidi, kukatwa kidogo kidogo hata deni liishe.

Tumeona yafaa kulieleza jambo hili katika kurasa hizi, kwa sababu linavunja nyumba za watu. Mume humdhania mke kuwa amezificha fedha. Mama humdhania mwana kuwa amemsahau. Mzee humlaani karani. Na aghlabu wote watatu hawajui kilichopita, maana karatasi imeandikwa kwa lugha wasiyoisoma, au hapana karatasi kabisa, ila neno lililosemwa mezani mbele ya foleni ya watu.

Tuanze na la kwetu. Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, ujulikanao kwa jina la TASAF, ulianza mwaka 2000. Awamu yake ya tatu ilizinduliwa Agosti 2012 na Rais Jakaya Kikwete, na ndani yake mkawa na Mpango wa Kunusuru Kaya Masikini; kisha sehemu ya pili ya awamu hiyo ikazinduliwa Februari 2020 na Rais John Magufuli. Kaya zilizoandikwa zilizidi milioni moja, nazo zilikuwamo za Mkinga, za Muheza, za Pangani na za mitaa ya Tanga mjini. Wasomaji wetu wengi waliwahi kumwona bibi au shangazi akienda kupokea, na pengine walimshika mkono.

Katika sehemu ya kwanza ya mpango huo fedha ilipangwa hivi. Kila kaya ilipata shilingi 10,000 kwa mwezi, ambayo ndiyo ruzuku ya msingi, isiyo na sharti. Yenye watoto iliongezewa 4,000. Tena yalikuwapo mafungu yenye masharti: 4,000 kwa ajili ya watoto wadogo wapelekwao kliniki, 2,000 kwa kila mtoto wa shule ya msingi wasiozidi wanne, 4,000 kwa wa sekondari ya chini, 6,000 kwa wa sekondari ya juu, na jumla haikuweza kupita 38,000 kwa mwezi. Malipo yalitolewa kila baada ya miezi miwili. Basi mama mwenye watoto watatu wa shule ya msingi alistahiki 20,000 kwa mwezi, yaani 40,000 siku ya malipo.

Sharti la shule lilikuwa mtoto ahudhurie asilimia 80 ya siku za masomo. Hapa ndipo sisi watu wa pwani tulipojikwaa zaidi kuliko watu wa bara, na sababu yake ni maji. Hesabu na tuifanye. Mwezi wenye siku 20 za masomo wataka mtoto asikose zaidi ya siku nne. Bamvu ni mbili kila mwezi, moja ya mwezi mwandamo na moja ya mwezi mpevu, nazo ndizo siku maji yakauka sana, mwani ukavunwa na pweza wakatafutwa miambani. Mama akimchukua mtoto siku tatu katika kila bamvu, mtoto amekosa siku sita. Amebaki na 14 katika 20, nazo ni asilimia 70. Mwalimu ataandika alichokiona, na yule mama siku ya malipo atapewa pungufu, ilhali moyoni anajua mwanawe "anasoma." Kweli anasoma. Lakini daftari halijui bamvu.

Makato ya namna hii si deni. Hili ni jambo la kwanza ambalo msomaji yapasa alitenge. Fungu lenye sharti lisipotimizwa sharti lake halikutolewa. Hakuna aliyezidishiwa wala anayedaiwa. Dawa yake ni kwenda kwa mwalimu, si kwa karani wa fedha. Akiwa mtoto alikuwa mgonjwa, na ipo karatasi ya zahanati, basi karatasi hiyo yapelekwa shuleni siku ile ile mtoto anaporudi, si baada ya miezi miwili, wakati fomu zimekwisha kupelekwa wilayani. Ikiwa mwalimu alimwandika hayupo naye alikuwapo, yaelezwe mbele ya kamati ya usimamizi ya kijiji, ambayo iliwekwa kwa kazi hizo, na kisha kwa mratibu wa halmashauri.

Yako makato ya pili, nayo ni ya hila au ya ujinga, hatujui lipi lilizidi. Mahali pengi katika nchi ilisikika kwamba walengwa walipokwisha kuhesabiwa fedha zao, pembeni mwa meza alikaa mtu mwingine mwenye daftari lake: huyu ataka mchango wa darasa, yule ataka wa mfuko wa afya ya jamii, wa tatu ataka wa mwenge. Mchango waweza kuwa mzuri, na bima ya afya ni jambo la busara kwa mwenye watoto. Ila fedha ya masikini iliyotolewa kwa chakula na daftari la shule haikatwi mezani bila ya ridhaa ya mwenyewe; na wakuu wa TASAF walilikataza jambo hilo mara kwa mara. Mwenye kukatwa hivyo ana haki ya kuomba stakabadhi, na akinyimwa stakabadhi amekwisha kujua ni makato ya namna gani.

Ya tatu ndiyo yaliyotufanya tushike kalamu: makato ya kurudisha kilichozidi. Haya hutokea pale mtu alipolipwa kikubwa kuliko haki yake, ama kwa kosa la mlipaji ama kwa kosa la mpokeaji, kisha akadaiwa. Hapa kwetu jambo hilo aghlabu lilimalizwa kwa kufuta jina: katika uhakiki uliofanywa baada ya mwaka 2015, kaya kwa makumi ya maelfu ziliondolewa katika orodha, wengine kwa kuwa hawakuwa masikini, wengine kwa kuwa walikwisha kufa au kuhama. Bali katika nchi ambazo jamaa zetu wengi wamehamia, mtu hafutwi, hukatwa. Nako ndiko tunakokwenda sasa.

Mama mmoja wa Ngamiani, mtu mzima, alimleta mjukuu wake madrasa kama kawaida, akasubiri watoto watawanyike. Akasema, "Maalim, mimi sina haja na pesa ya mwanangu. Nataka nijue nimemkosa nini." Mwanawe yuko Uingereza miaka mingi, ameachana na mkewe, analea watoto peke yake, na kila mwezi alikuwa akimpelekea mamake pauni 50. Mwezi ule hakupeleka, na wa pili hakupeleka. Simu akipokea, husema "mambo magumu kidogo, mama," kisha hubadili mazungumzo. Majirani wamekwisha kumwoa mke mwingine kwa midomo yao. Nikamwambia, "Mama, mwambie akupigie picha ya barua. Mtu hakatikiwi na riziki bila ya karatasi." Picha ikaja. Kijana wetu mmoja wa kidato cha nne akaisoma, mstari kwa mstari, nasi tukafahamu.

Kumbe mkubwa wa watoto wake alihamia kwa shangazi yake katika mji mwingine, na baba aliijulisha shule, akawajulisha na watu wa msikiti, akadhani shule na idara ya malipo ni jamaa wa nyumba moja. Hawakuwa. Miezi 11 ikapita, idara ikimlipa fungu la mtoto asiyekuwapo nyumbani. Fungu hilo katika mwaka wa 2024/25 lilikuwa pauni 287.92 kwa mwezi. Zidisha kwa 11, utapata pauni 3,167 na senti kidogo. Alikuwa hakuiba, wala hakusema uwongo. Alinyamaza tu, kwa kutokujua, na fedha ikaingia akala yeye na watoto. Sasa yadaiwa.

Malipo hayo ndiyo yaitwayo Universal Credit, yaliyoanzishwa Uingereza mwaka 2013 na kukusanya pamoja malipo sita ya zamani. Wako watu wengi wa lugha yetu wanaoishi juu yake kwa nusu au kwa yote: Wazanzibari waliohamia baada ya 1964 na vizazi vyao, watu wa Barawa wenye Chimwini chao waliofika London kwa vita vya Somalia vya miaka ya 1990, na vijana wa Tanga na Mombasa wafanyao kazi za mishahara midogo. Yafaa wajue, na jamaa zao wa huku wajue, sheria imekaaje.

Kwanza, neno ambalo wengi huona zito kulikubali. Chini ya sheria ya mwaka 2012 iliyoyaweka malipo hayo, kila kilichozidi chaweza kudaiwa, hata kosa likiwa la karani mwenyewe. Katika baadhi ya malipo ya zamani haikuwa hivyo. Ilibidi idara ionyeshe kwamba mpokeaji alieleza uwongo au alificha jambo. Kwa hiyo hoja ya "wao wenyewe ndio waliokosea" haitoshi kulifuta deni la Universal Credit, ingawa yaweza kusaidia mtu akiomba huruma. Mpokeaji aweza kubisha juu ya mambo mawili: kwamba hakuzidishiwa, au kwamba kiasi kinachodaiwa si hicho. Na katika hayo mawili watu hushinda kila siku, maana hesabu za idara si wahyi.

Akiwa na hoja, ana mwezi mmoja tangu tarehe ya uamuzi kuomba uangaliwe upya. Na hiyo ni hatua isiyorukwa. Jibu likija baya, ana mwezi mwingine wa kupeleka rufaa kwenye baraza la hukumu, ambalo si tawi la idara, wala halitozi ada. Aombe kwa maandishi hesabu kamili: mwezi gani hadi mwezi gani, fungu gani, kiasi gani. Aombe vilevile makato yasimame hata shauri liishe. Kuomba si kupewa, lakini asiyeomba hakatai karani kumkata.

Pili, kipimo cha makato. Idara haina ruhusa ya kuchukua itakavyo. Zamani iliweza kufika asilimia 40 ya posho ya msingi. Oktoba 2019 ikashushwa kuwa 30. Aprili 2021 ikawa 25. Na tangu 30 Aprili 2025 kikomo kikawa asilimia 15 kwa madeni mengi ya kawaida. Tutazame maana yake kwa yule mwana wa Ngamiani. Posho ya msingi ya mtu mmoja mwenye miaka 25 au zaidi, katika mwaka ulioanza Aprili 2025, ilikuwa pauni 400.14. Robo yake ni pauni 100. Asilimia 15 yake ni pauni 60. Basi alipo sasa hukatwa 60 kwa mwezi, na kwa kipimo hicho deni lake litakwisha kwa miezi 53, yaani miaka minne na miezi mitano. Na zile 50 za mamake? Zimo ndani ya zile 60. Mama alipoelezwa hesabu hiyo alinyamaza kitambo, kisha akauliza kama watoto wanapata chakula cha usiku.

Jambo la tatu ndilo wengi wasilolijua, nalo ni jepesi: kipimo cha 15 ni kikomo cha juu, si amri. Mwenye shida aweza kupiga simu kwa idara ya madeni, au kuandika, akaeleza mapato yake na matumizi yake, kodi ya nyumba, umeme, nauli, chakula, nguo za shule, akaomba akatwe kidogo zaidi. Hana haja ya kushinda rufaa ili aombe hivyo. Asione haya. Sisi watu wa pwani tuna ugonjwa wa kuona haya mbele ya karani na kutoona haya mbele ya muuza duka; twakopa kwa Mhindi kabla hatujamwomba aliyetukata apunguze. Zaidi ya hayo iko njia ya kuomba deni lisamehewe kabisa, bali hiyo ni nadra, na huhitaji ushahidi mzito, kama barua ya daktari.

Barua nayo ichunguzwe inasema nini. Si kila makato ya nchi ile ni ya kilichozidi. Mtu anapoanza kuomba malipo hayo husubiri majuma matano, na katikati hupewa fedha ya kuanzia, ambayo ni mkopo wa kurudishwa kwa miezi isiyozidi 24. Wengi waliichukua wakidhani ni msaada, kisha wakashangaa kukatwa. Yafaa tuseme hapa, kwa kuwa vijana hutuuliza, kwamba mkopo huo na deni la kilichozidi havina riba ndani yake. Kinachorudishwa ni kile kile kilichochukuliwa. Iko faini ya pauni 50 kwa aliyezembea kutoa khabari, nayo ni faini, si riba.

Ama mwenye kuitupa barua asijibu, hana faida. Akiacha malipo na kupata kazi, idara yaweza kumwandikia mwajiri wake bila ya kwenda mahakamani, mwajiri akamkata katika mshahara. Nako huko kipimo chaweza kufika asilimia 20 ya kinachobaki baada ya kodi, na 40 kwa mwenye hatia ya udanganyifu. Basi ni heri kusema mapema. Shirika la Citizens Advice, ambalo limekuwapo tangu 1939, husaidia bila ya malipo, na yako mengine ya namna hiyo karibu na misikiti mikubwa. Kijana ajue pia kuhifadhi alichokiandikia idara: apige picha kila ujumbe aliotuma na tarehe yake, kwa sababu siku ya kubishana neno la mdomo halina mzani.

Tahadhari nyingine iwafikie wanaowauguza wazee wao. Uingereza iko posho ya mwenye kumwuguza mgonjwa, Carer's Allowance, na mwenye kuipokea hakuruhusiwa kuchuma kupita kikomo fulani. Hata Aprili 2025 kikomo kilikuwa pauni 151 kwa juma, kisha kikapandishwa kuwa 196. Ajabu ya sharti hilo ni kwamba aliyezidi kwa pauni moja hakupoteza pauni moja, alipoteza posho yote ya juma lile. Binti anayemwosha na kumlisha mamake, akafanya saa mbili za ziada dukani, alijikuta baada ya miaka anadaiwa maelfu. Serikali yao iliagiza jambo hilo lichunguzwe, na ripoti ya Liz Sayce ikatoka Novemba 2025, ikaonyesha kwamba idara yenyewe ilikuwa imetumia mwongozo mbaya wa kupima mapato yanayopanda na kushuka, na kwamba wako waliodaiwa pasipo haki. Aliyelipa deni la namna hiyo miaka ya nyuma asiseme limepita, aulize.

Na hilo latupeleka kwenye jambo ambalo halina budi kusemwa waziwazi: kudaiwa si sawa na kuwiwa. Uholanzi, wazazi kwa maelfu waliokuwa wakipata msaada wa kulipia malezi ya watoto walitajwa kuwa ni wadanganyifu, wakatakiwa kurudisha msaada wote wa miaka, pengine kwa sababu ya sahihi iliyokosekana katika fomu. Wengi wao walikuwa watu wenye asili ya kigeni, na uraia wa pili ulitazamwa kuwa ni alama ya shaka. Nyumba ziliuzwa, ndoa zikavunjika. Bunge lao likachunguza, na tarehe 15 Januari 2021 serikali ya Mark Rutte ikajiuzulu kwa aibu hiyo; kila mzazi aliyedhulumiwa akaahidiwa euro 30,000. Australia nayo, kuanzia miaka ya 2015 na 2016, iliacha kompyuta ichukue mapato ya mtu ya mwaka mzima, iyagawanye sawasawa kwa majuma mawili mawili, kisha imdai kana kwamba alichuma sawasawa kila majuma mawili. Mtu wa kazi za msimu, aliyefanya kazi miezi mitatu akakaa bure tisa, alionekana mwongo. Njia hiyo ikabainika haina msingi wa sheria, fedha zikarudishwa, na Julai 2023 tume iliyoongozwa na Catherine Holmes ikatoa ripoti kali. Mvuvi wa Kigombe angefahamu mara moja kosa liko wapi, maana naye hapati sawasawa kila juma. Anayo kusi yake na kaskazi yake.

Sasa upande wa dini, kwa uchache. Wako vijana wanaosema kwamba fedha iliyoingia kwa kosa la serikali ni riziki, tena ya watu wasio wa dini yetu, basi si deni. Maneno hayo hayana nguvu. Fedha iliyomfikia mtu pasipo stahiki ni haki ya mwenyewe iliyo mkononi mwake, awe mwenyewe ni Mwislamu au si Mwislamu, awe alikosea au hakukosea; na aliyekaa katika nchi kwa ahadi ya sheria zake amejifunga na ahadi hiyo. Lakini upande wa pili nao una neno lake. Katika Sura al-Baqara, aya ya 280, mwenye dhiki ameamriwa apewe nafasi hata apate wasaa, na kumsamehe ni bora zaidi. Kwa hiyo anayeomba apunguziwe makato hakimbii deni. Anaomba kile ambacho Kitabu kimemwambia mdai akitoe. Na aya ya 282 ya sura hiyo hiyo, ndefu kuliko zote, yahusu kuandika madeni. Wanafunzi wetu huihifadhi. Laiti tungeifuata katika karatasi zetu za nyumbani.

Kadhalika, katika aina nane za wapokeaji wa zaka wametajwa wenye madeni. Mtu aliyezidishiwa bila ya hila, akala na watoto, akabaki hana cha kulipia, huenda akaingia katika fungu hilo. Na jamaa au jirani mwenye zaka ya kutoa amwulize mwanachuoni wake khabari hiyo kabla ya kuipeleka mbali. Yule mama wa Ngamiani hana zaka ya kutoa, lakini alimpigia mwanawe usiku ule, akamwambia asimpelekee kitu hata deni liishe, na aombe kukatwa kidogo. Mwana akaomba. Walimshusha kuwa pauni 30.

Limebaki la msiba. Wengi wetu Tanga tuna damu Pemba na Unguja. Huko Serikali ya Mapinduzi ilianzisha Aprili 2016 pensheni ya wazee wote waliotimiza miaka 70, shilingi 20,000 kwa mwezi, kisha mwaka 2023 ikapandishwa kuwa 50,000. Wenzetu wa Vanga, ng'ambo ya mpaka, nao wana ya kwao ya umri huo huo tangu 2018, shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi. Mzee akifa na jina lake likabaki katika orodha, malipo huweza kuendelea kuja, na nyumba yenye msiba ina matumizi mengi. Fedha hiyo si mirathi. Mirathi ni alichokiacha marehemu, baada ya kutolewa gharama za maziko, na kulipwa madeni, na kutimizwa wasia. Na pensheni ya mwezi asiokuwa hai hakuiacha yeye, kwa kuwa haikuwa yake. Wakiigawanya warithi, kila mmoja amekula deni, na siku ya kudaiwa watazozana nani alikula thumni na nani theluthi. Mwenye mzee aliyefariki Wete au Mkoani amwendee sheha katika siku zile zile za matanga, ampe jina na tarehe ya kufa, na asisubiri zamu ya malipo ifike.